Mpangilio wa kihisabati wa chembe ndogo kuliko atomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi jioni huwa tunakaa Sinza, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wachache na yeyote mwenye hamu, tukisoma fizikia ambayo haimo kwenye silabasi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila anapokuja mtu mpya. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa kifupi.

Shikamoo mwalimu. Shuleni tumefundishwa protoni, nyutroni na elektroni, basi. Hizo nyingine zilitoka wapi?

Marahaba. Zilitoka angani kabla hazijatengenezwa na mashine yoyote. Miale inayofika kutoka mbali huko nje hugonga hewa iliyo juu yetu na kuzaa chembe ambazo nyingi hazifiki chini. Inayofika kwa wingi ni muoni, yenye masi karibu mara 207 ya elektroni, ambayo ilitambuliwa miaka ya 1936 na 1937. Kwenye usawa wa bahari, kama tulivyo Dar es Salaam, takriban muoni moja hupita kila dakika katika kila sentimita moja ya mraba. Nyosha kiganja chako sasa hivi: kila sekunde hivi inapita moja.

Mwaka 1947 Cecil Powell na wenzake, Bristol, waliipata pioni, ambayo Hideki Yukawa alikuwa ameitabiri tangu 1935. Hiyo ilitarajiwa. Mwaka huohuo George Rochester na Clifford Butler, Manchester, walipata picha ya mistari miwili iliyoachana kama herufi V, ikianzia mahali pasipo na alama yoyote. Chembe isiyo na chaji ilikuwa imefia pale. Hiyo hakuna aliyeitarajia. Baadaye zikajengwa mashine kubwa za kuongeza kasi ya chembe, Donald Glaser akabuni mwaka 1952 chumba cha mapovu, chombo cha kimiminika ambamo chembe inayopita huacha mstari wa mapovu, na orodha ikafurika. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 yalikuwa makumi ya majina, na hakuna aliyejua kwa nini yawe hayo na si mengine.

Mpangilio wa kihisabati ni nini hasa? Si kila chembe ina namba zake tangu mwanzo?

Kuwa na namba si kuwa na mpangilio. Ukiniandikia masi za chembe hamsini kwenye safu moja, umenipa orodha. Mpangilio unaanza pale orodha inapopata uwezo wa kudai na kukataza: hapa lazima pawe na chembe, na pale haiwezi kuwepo kamwe. Kwa kipimo hicho nitapima kila kitu kwenye ukurasa huu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua ni namba zipi za kutazama. Chaji ilijulikana. Namba ya barioni pia (barioni ni jamii ya chembe kama protoni na nyutroni): protoni na nyutroni zina 1, pioni ina 0. Ya tatu ndiyo iliyowasumbua watu. Chembe za alama ya V zilizaliwa kwa kasi ya ajabu, ndani ya muda wa kama sekunde 10⁻²³, lakini zilichukua karibu sekunde 10⁻¹⁰ kufa. Hiyo ni tofauti ya mara trilioni kumi. Kilichozaliwa kwa nguvu kali, ile inayoshikilia kiini cha atomu, kilipaswa kufa kwa nguvu hiyohiyo, tena upesi vilevile.

Mwaka 1953 Murray Gell-Mann wa Marekani na Kazuhiko Nishijima wa Japani, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza namba mpya, ugeni. Nguvu kali haiwezi kubadilisha jumla ya ugeni. Kwa hiyo chembe hizi huzaliwa kwa jozi, moja ikiwa na +1 na mwenzake −1, jumla sifuri. Zikishaachana, kila moja imebeba ugeni ambao haina pa kuuweka, na inabaki kungoja nguvu dhaifu, ambayo haiulindi ugeni lakini hufanya kazi polepole. Mimi naona hatua hii ndogo inastahili sifa kuliko inavyopewa. Bila ugeni, kila kilichofuata kisingeonekana.

Naweza kuuona mpangilio huo kwa macho, au ni mpaka nisome chuo kikuu?

Chukua daftari la miraba. Tunapanga barioni nane zenye spini ½ (spini ni kipimo cha mzunguko wa asili wa chembe), kwa mistari kufuatana na ugeni, na ndani ya kila mstari kutoka chaji ndogo kwenda kubwa.

Mstari wa juu, ugeni 0: nyutroni kushoto, protoni kulia. Mstari wa kati, ugeni −1: sigma tatu zenye chaji −1, 0 na +1, halafu lamda, isiyo na chaji, ikae katikati pamoja na ile sigma ya 0. Mstari wa chini, ugeni −2: ksai mbili, ya chaji −1 na ya chaji 0. Sasa sogeza mistari ili kila mmoja uwe katikati ya ukurasa. Umepata umbo la pembe sita lenye nukta mbili ndani.

Fungua ukurasa wa pili ufanye hivyohivyo kwa mesoni nyepesi, yaani jamii ya pioni: kaoni mbili juu, pioni tatu na eta katikati, kaoni mbili nyingine chini. Umbo ni lilelile, pembe sita, mbili ndani. Protoni haifanani na pioni kwa karibu lolote, si masi, si spini, si umri. Kufanana kwa michoro hii miwili hakuwezi kuelezwa kwa bahati peke yake, na wanafunzi wengi wakifika hapa wanaacha kuniuliza kama jambo lenyewe lina maana.

Kuna na hesabu ya kuhakiki. Masi kwa vipimo vya megaelektronivolti (MeV), ukichukua wastani wa kila aina: nyutroni na protoni 939, lamda 1116, sigma 1193, ksai 1318. Fomula ya Gell-Mann na Susumu Okubo inadai kwamba mara mbili ya (939 + 1318) ikaribiane na mara tatu ya 1116 ukijumlisha 1193. Upande mmoja unatoa 4514, wa pili 4541. Wamepishana kwa asilimia 0.6.

SU(3) ni mdudu gani?

Tuanzie kwa ndogo yake. Protoni ina masi ya 938.3 na nyutroni 939.6, na nguvu ya kiini haizitofautishi. Mwaka 1932 Werner Heisenberg alizichukulia kama hali mbili za kitu kimoja, kiasi kwamba unaweza "kuzungusha" moja ikawa nyingine katika nafasi ya kihisabati, si nafasi hii tunayotembea. Mizunguko hiyo yote kwa pamoja huunda kundi linaloitwa SU(2). SU(3) ni hatua inayofuata: matriki za 3 kwa 3 zenye namba changamano, zisizobadilisha urefu wa vekta, na ambazo determinanti yake ni 1.

Uzito wa jambo uko hapa. Kundi likishachaguliwa, ukubwa wa familia zinazoweza kukaa ndani yake si hiari ya mtu. Kwa SU(3) kuna familia za 1, 3, 6, 8, 10, 15, 21, 24, 27 na kuendelea. Hakuna ya 5. Hakuna ya 7. Hakuna ya 9. Kwa hiyo mesoni nyepesi zilipokuwa bado saba, pioni tatu na kaoni nne, hisabati ilidai ya nane, na eta ikaonekana mwaka 1961.

Hisabati yenyewe ilikuwa tayari kabatini. Sophus Lie wa Norwe alianzisha nadharia ya makundi haya karne ya 19, na mwaka 1894 Élie Cartan wa Ufaransa alikamilisha kuyapanga kwa aina. Gell-Mann, akiwa chuo cha Caltech, California, alihangaika kuunda kwa mkono kitu ambacho hakujua kwamba kipo, mpaka mwanahisabati wa chuo hichohicho, Richard Block, alipomwambia kwamba kazi hiyo ilishafanywa. Wakati huohuo, London, kanali wa jeshi la Israeli aliyekuwa mwambata wa kijeshi, Yuval Ne'eman, alikuwa akisoma fizikia chini ya Abdus Salam wa Pakistani. Wote wawili walifika kwenye familia ya nane mwaka 1961.

Wajapani walikuwa wameigusa SU(3) kabla yao. Shoichi Sakata alipendekeza mwaka 1956 kwamba protoni, nyutroni na lamda ndizo za msingi, nyingine zimetengenezwa nazo, na mwaka 1959 wenzake walitumia kundi hilohilo juu ya wazo lake. Kwa mesoni lilikubali. Kwa barioni halikukubali, kwa sababu liliziweka tatu hizo peke yake na kuziacha sigma na ksai zikitafuta familia nyingine. Hisabati ilikuwa sahihi, ila chembe ziliketishwa mahali pasipo pake. Vijana wanaodhani fomula nzuri inatosha nawaomba waisome hadithi hii mara mbili.

Kila mtu anaizungumzia omega. Kwa nini?

Kwa sababu ilitajwa jina, chaji, ugeni na masi kabla haijaonwa na yeyote.

Mbali na zile nane kulikuwa na barioni nzito zaidi zenye spini 3/2. Delta nne, ugeni 0, masi karibu 1232. Sigma nzito tatu, ugeni −1, karibu 1385. Julai 1962, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, Geneva, zikatangazwa ksai nzito mbili, ugeni −2, karibu 1530. Zipange kwa mistari kama tulivyofanya: nne, tatu, mbili. Ni pembetatu iliyokosa ncha. Na SU(3) inayo familia ya 10, si ya 9.

Sasa tazama masi. Kutoka 1232 hadi 1385 ni 153. Kutoka 1385 hadi 1530 ni 145 hivi. Hatua zinakaribia kulingana. Ongeza hatua nyingine kama hiyo unafika karibu 1680. Gell-Mann alisimama mkutanoni akasema ncha hiyo ni chembe moja yenye chaji −1 na ugeni −3, akaiita omega. Ne'eman naye alikuwa ukumbini akiwa na wazo hilohilo.

Alitabiri na umri wake, na hapo ndipo ninapopapenda. Wenzake tisa hufa ndani ya sekunde 10⁻²³, hazifiki popote. Omega ingepaswa kutoa ugeni −3 kwa nguvu kali, na njia rahisi kuliko zote ni kugeuka ksai na kaoni. Lakini ksai na kaoni zikijumlishwa ni karibu 1813, zaidi ya masi ya omega yenyewe. Mlango umefungwa. Lazima ingoje nguvu dhaifu, na kwa hiyo itaishi karibu sekunde 10⁻¹⁰ na kuacha mstari wa sentimita kadhaa unaoweza kupigwa picha.

Maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, walirusha kaoni za chaji hasi kwenye chumba cha mapovu kilichojaa hidrojeni ya kimiminika, wakakagua picha zipatazo 100,000. Februari 1964 Nicholas Samios na wenzake wakatangaza kwamba wameipata. Kaoni iligonga protoni, zikatoka omega, kaoni chanya na kaoni isiyo na chaji. Hesabu mwenyewe ugeni: kabla ni −1, baada ni −3 + 1 + 1. Chaji: kabla ni −1 + 1, baada ni −1 + 1 + 0. Leo masi yake inajulikana kuwa 1672.45.

Basi kwaki zinaingia wapi?

Familia ya nane na ya kumi zilieleza mpangilio bila kueleza sababu. SU(3) ina familia ya 3, ndogo kuliko zote ukiacha ile ya 1, na familia hiyo ilikuwa tupu. Mwaka 1964 Gell-Mann na George Zweig, bila kuwasiliana, walisema chembe za familia hiyo ndizo matofali ya nyingine zote: u yenye chaji +⅔, d yenye −⅓, na s yenye −⅓ pamoja na ugeni −1.

Mwanafunzi wa PCM, hii ni mada yako ya michanganyiko. Una aina tatu, unachagua tatu, kurudia kunaruhusiwa, mpangilio haujalishi. Majibu ni 10: uuu, uud, udd, ddd, kisha uus, uds, dds, kisha uss, dss, na mwisho sss. Nne, tatu, mbili, moja. Zile hatua za karibu 150 ni uzito wa ziada wa s moja ikichukua nafasi ya u au d, na omega ni s tatu.

Palikuwa na kikwazo. Kanuni ya Pauli hairuhusu s tatu kuwa katika hali moja. Oscar Greenberg alipendekeza mwaka huohuo wa 1964 kwamba kuna sifa nyingine yenye hali tatu, ambayo leo tunaiita rangi, ingawa haihusiani na macho. Kutoka kwenye rangi ikaja, mwaka 1973, nadharia kamili ya nguvu kali. Hiyo nayo ni SU(3), lakini SU(3) nyingine, na wasomaji huzichanganya kila mara: ile ya 1961 ni makadirio, kwa sababu s ni nzito kuliko u na d, ya rangi ni kamili.

Watu wengi walizichukua kwaki kama ujanja wa hesabu tu, mpaka majaribio yaliyoanza Stanford miaka ya 1967 na 1968 yalipoonyesha elektroni zikigonga vitu vidogo vigumu ndani ya protoni.

Mwalimu, nimegundua fomula inayotoa masi ya protoni. Nimtumie nani?

Kabla ya kumtumia mtu, soma kisa hiki. Mwaka 1951 Friedrich Lenz alichapisha barua fupi mno kwenye jarida la Physical Review akionyesha kwamba uwiano wa masi ya protoni na elektroni, kwa vipimo vya wakati ule, unalingana na 6π⁵. Jaribu kwenye kikokotoo: 1836.118. Vipimo vya leo vinatoa 1836.15267. Wamepishana kidogo sana, lakini kosa la vipimo vya leo ni dogo mno kuliko pengo hilo, kwa hiyo fomula imeanguka.

Ukiruhusiwa kuchanganya π, mizizi, vipeo na namba nzima utakavyo, utaifikia namba yoyote duniani. Hiyo ni ramli. Jiulize maswali mawili. Fomula yako inasema nini kuhusu chembe ambayo hukuitumia kuitengeneza? Na ni matokeo gani yakitokea utakubali kwamba imeanguka? Kama huna jibu, rudi mezani. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nakuomba uiweke fomula yako mahali inapoweza kushindwa.

Je, kuna fomula ya namna hiyo ambayo haijaanguka?

Ipo moja inayonisumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yoshio Koide wa Japani aliona kwamba ukichukua masi za elektroni, muoni na tau, ndugu yao mzito zaidi, ukazijumlisha, kisha ukagawa kwa mraba wa jumla ya mizizi yake ya pili, unapata ⅔. Wakati ule vipimo vya tau vilisema karibu 1784, na fomula ilitaka 1777. Mwaka 1992 majaribio ya Beijing yakaipima tau upya, ikawa 1776.9.

Yaani fomula ilijiweka hatarini na ikashinda. Lakini hakuna nadharia inayokubalika ya kueleza kwa nini iwe hivyo, na hakuna familia inayodai chembe ya nne. Mimi naiweka katikati: si ramli, na bado si mpangilio kama ule wa omega. Kijana akitaka kuifanyia kazi simzuii.

Masi za kwaki ndizo zilizo gizani zaidi. Leo zinajulikana sita, na ya sita, iliyopatikana maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1995, ina karibu 173,000 MeV, wakati u ina kama 2. Kwa nini vizazi, yaani makundi ya chembe zinazofanana isipokuwa kwa masi, viwe vitatu na masi ziachane hivyo, nadharia tuliyo nayo haielezi. Namba hizo huingizwa kwa kupimwa tu.

Mwanangu anataka kusoma mambo haya. Yana faida gani kwa Mtanzania?

Mzazi wangu, omega yenyewe haitamletea mtu mkate, na sitakudanganya. Ila ujuzi wa kuongeza kasi ya chembe ndio ulio ndani ya mashine za kutibu saratani kwa mionzi kama zilizopo Taasisi ya Ocean Road hapa Dar, na mashine hizo zinahitaji wanafizikia wa kuzipima na kuzisimamia. Hisabati ya matriki atakayojifunza inatumika kwenye mawasiliano, benki na programu za kompyuta. Kama anaipenda fizikia, mwache aende nayo hadi mwisho. Upendo huo haununuliwi.

Nianzie wapi nikiwa Dar?

Kwa shule: hisabati ya kiwango cha A, hasa vekta, matriki na namba changamano, kisha shahada ya fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ni mlango wa karibu. Kwa wenye shahada kuna kituo ambacho Abdus Salam alikianzisha Trieste, Italia, mwaka 1964, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu, na tangu 2018 kuna taasisi dada yake Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. CERN nayo hupokea wanafunzi wa majira ya kiangazi kutoka nchi zisizo wanachama, na maombi hufanywa kwenye intaneti.

Kwa leo usiku: majedwali ya masi, chaji na umri wa chembe zote zinazojulikana yako wazi bure kwenye tovuti ya Particle Data Group. Tafuta delta, sigma nzito, ksai nzito na omega, chora pembetatu yako, utoe hatua tatu za masi. Hazitalingana sawasawa, ya mwisho ni fupi kuliko ya kwanza. Njoo Jumamosi na maelezo yako ya kwa nini.